Tupeane uzoefu: Kodi ya kaunsili Uingereza inapanda kila Aprili, wewe yako unaiona wapi?

Mkaa Midlands
Wadau mlioko Uingereza, salaam. Bili za Aprili za kodi ya kaunsili, yaani kodi ya nyumba unayokaa inayokwenda halmashauri ya eneo lako, zishaanza kutua. Yangu imepanda asilimia 4.99, mwaka jana ilipanda vivyo hivyo. Huku kwetu pipa la taka za kawaida linachukuliwa kila baada ya wiki mbili, la majani ya bustani unalilipia kando, na kituo cha vijana alichokuwa akienda mwanangu kimefungwa. Tukikutana msibani au harusini maneno ni yale yale: "Hawa wanatuibia tu."

Mimi sioni kama ni wizi, ila nataka tuongee kwa yaliyotukuta. Hela yako unaiona ikifanya kazi wapi? Ulishakwama kulipa? Kuna punguzo umepata ambalo wengine hawalijui? Mji si lazima uutaje.

Naanza na hiyo 4.99. Kaunsili zenye jukumu la kutunza wazee na walemavu, zikitaka kupandisha asilimia 5 au zaidi, lazima ziitishe kura ya maoni. Nani atakwenda kuwaomba wananchi wapige kura wajiongezee kodi? Kwa hiyo zinasimama pale pale ukingoni. Na ndani ya hiyo, asilimia 2 ni ya matunzo ya watu wazima peke yake. Iko kwenye bili, isome.

Dada wa Kea
Kaka, mimi naiona kila siku saa moja asubuhi. Nikifika kwa mteja naskani karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la jikoni, simu inaanza kuhesabu. Nusu saa: kumwamsha bibi wa watu, kumwosha, kumbadilisha, dawa, chai na tosti, kuandika ripoti. Naskani tena natoka. Hizo dakika kampuni inaidai kaunsili, kaunsili inalipa kwa hiyo hiyo kodi mnayoilalamikia. Kwa hiyo mkisema "wanatuibia", mshahara wangu ndio mnaousema, na mshahara wenyewe mnaujua.

Aprili 2025 kima cha chini kilipanda mpaka pauni 12.21 kwa saa, na mchango wa bima ya taifa wa mwajiri ukatoka asilimia 13.8 hadi 15. Makampuni yakapeleka bei mpya kaunsili. Wazee hawapungui. Hesabu hapo ujumlishe mwenyewe.

Halafu wenzangu wa viza ya kazi, hili lisikilizeni vizuri maana limewatia watu wasiwasi wa bure. Ukikaa peke yako unayo haki ya punguzo la asilimia 25. Hilo halihesabiwi kuwa msaada wa serikali, halikuharibii viza. Ila kuna ule msamaha wa wenye kipato kidogo, ambao kila kaunsili ina utaratibu wake. HUO umo kwenye orodha ya misaada ya serikali, na kama viza yako inakukataza misaada, usiuguse. Watu wanachanganya hivi viwili. Mmoja anaogopa punguzo la haki yake analipa bili nzima, mwingine anajaza fomu isiyomhusu.

Suka wa Shule
Dada kamaliza, naongeza tu. Mimi ni dereva wa teksi, asubuhi na jioni nina mkataba wa kubeba watoto wenye mahitaji maalumu. Mtoto mmoja, msindikizaji mmoja, shule iko mji wa pili kwa sababu ya karibu haina nafasi. Gari linakwenda na mtoto mmoja tu, maana akichanganywa na wenzake anapata taabu. Hiyo analipa nani? Kaunsili, na kwa mujibu wa sheria haiwezi kukataa. Kuna na watoto waliochukuliwa na ustawi wa jamii: nafasi katika nyumba binafsi za kulelea inaweza kufika maelfu ya pauni kwa wiki, kwa mtoto mmoja. Sisi tunaangalia pipa la taka kwa sababu pipa liko mlangoni. Hela nyingi iko ndani ya nyumba za watu, huwezi kuiona.

Mtoto wa Temeke
Bongo kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021. Hakuna bili, hakuna barua, unanunua umeme wamekuchomoa. Nyie mnaletewa karatasi zenye rangi na bado mnalia 😂

Mama Wawili
Usicheke mdogo wangu, karatasi zenye rangi zina meno. Ngoja nikupe yangu, kaunsili siitaji.

Msimu wa baridi mmoja saa zangu za kazi zilikatwa ghafla, nikachelewesha awamu moja. Ikaja barua ya kukumbusha, siku 7. Sikuwa nazo. Ikaja nyingine: umepoteza haki ya kulipa kwa awamu, lipa mwaka mzima uliobaki kwa mkupuo. Yaani umeshindwa kulipa mwezi, unaambiwa ulipe miezi yote! Baada ya hapo samansi ya mahakama, na gharama za samansi zikawekwa juu ya deni. Nilipiga simu siku hiyo hiyo kabla tarehe ya mahakama haijafika, nikaeleza kipato na matumizi mstari kwa mstari, tukakubaliana kiasi kwa mwezi. Yule dada wa kwenye simu alikuwa mtu wa maana, Mungu ambariki. Jirani yangu alizitia barua kwenye droo, madalali wa mahakama wakamfuata mlangoni, na kila hatua yao ina ada yake.

Jambo dogo lakini linasaidia: bili kwa kawaida inagawanywa miezi 10, Aprili mpaka Januari. Unaweza kuomba miezi 12. Mimi niliomba, kila awamu ikashuka. Wengine wanapenda Februari na Machi wapumue, shauri yao.

Sheikh Mahesabu
Mmesahau upande mmoja. Matunzo ni kweli, ruzuku ya serikali kuu kukatwa tangu 2010 ni kweli, lakini zipo kaunsili zilizojitia kitanzi. Woking walikopa wakajenga maghorofa na hoteli, madeni yakafika karibu pauni bilioni 2, kwa mji mdogo vile. Thurrock waliweka hela kwenye mashamba ya umeme wa jua. Birmingham walikuwa na madai ya wanawake waliolipwa chini ya wanaume kwa miaka, yakakadiriwa wakati huo hadi pauni milioni 760, na juu yake mfumo wa kompyuta ulioharibika. Septemba 2023 wakatoa notisi ya kifungu cha 114, maana yake matumizi mapya yote yanasimama isipokuwa yale ya lazima kisheria. Kaunsili haifilisiki kama duka likafunga mlango. Inaletewa makamishna wa serikali kuu, inauza mali, na kodi inapanda kwa ruhusa maalumu: Birmingham asilimia 9.99 mwaka 2024, tena 7.49 mwaka 2025. Mwezi Machi 2025 wazoa taka wa huko wakagoma bila kikomo. Croydon 2023 walipanda 15.

Wewe mlipaji hukukopa, hukujenga hoteli, lakini bili ni yako. Hapo ndipo ninapomwelewa anayesema wizi, hata kama neno silo.

Mkaa Midlands
Sheikh umenipiga mahali pake. Na ulivyotaja miji, tazameni Westminster na Nottingham. Kodi inakwenda kwa bendi, yaani madaraja ya thamani ya nyumba; nyumba ya bendi D Westminster hailipi hata nusu ya Nottingham. Tajiri analipa kidogo kwa sababu kaunsili yake ina mapato mengine, maegesho yakiwemo. Na bendi zenyewe huku England zinafuata thamani ya nyumba ya Aprili 1991. Nyumba ninayokaa imejengwa juzi juzi, wakakadiria ingeuzwa bei gani mwaka ambao hapo palikuwa uwanja mtupu.

Geto la Wanafunzi
Tuliokuwa tunasoma: nyumba ikiwa ya wanafunzi wa muda wote (full-time) tupu, hamlipi, lakini lazima mpeleke barua ya chuo. Akiingia mmoja asiye mwanafunzi, bili inakuja kwa jina lake, na punguzo la robo. Semeni mapema kabla hajahamia, ugomvi wake si mdogo. Na ukikodi chumba kimoja kimoja kwa mwenye nyumba, kwa kawaida mlipaji ni yeye.

Bi Mkubwa Glasgow
Wanangu, mmeongea England tupu. Huku Scotland bili ya maji na maji taka inakuja humo humo kwenye kodi ya kaunsili, kwa hiyo msilinganishe jumla na jumla mkaogopa kuhamia. Mwaka 2024 serikali ya huku iliigandisha, haikupanda, 2025 ikaachiwa ikapanda kwa mkupuo. Na mwenye kipato kidogo akisamehewa kodi, yale maji bado anadaiwa sehemu. Wengi wanadhani wamesamehewa vyote, barua ya deni inawakuta. Nani yuko Wales atuambie? Nasikia bendi zao zinafuata thamani ya nyumba ya 2003, wana na bendi I.