Sembène Ousmane alianzaje kutengeneza filamu?

mpenda_sinema: Wakuu habari za jioni, nimetoka kuangalia Borom Sarret, filamu ya Sembène Ousmane wa Senegal ya 1963, ni kama dakika 20 tu, jamaa wa mkokoteni wa farasi anahangaika Dakar kutwa nzima halafu polisi anamchukulia mkokoteni, anarudi kwa mkewe mikono mitupu, imeniuma sana. Huyu mzee kasomea wapi?

dada_zuu: Shule aliachana nayo mapema mkuu. Kazaliwa 1923 Ziguinchor, mji wa kusini mwa Senegal, baba mvuvi, kaenda jeshi la Mfaransa, baadae akawa kuli bandarini Marseille na huko huko ndo kaanza kuandika vitabu. Sasa akaona watu wake wengi nyumbani hawasomi Kifaransa, so 1962 akaenda Moscow kujifunza filamu, umri unagonga 40!

kijana_wa_kamera: Na hela ndo ilikuwa msala. Filamu yake Mandabi ya 1968 ilipata pesa ya serikali ya Ufaransa, wao wanataka Kifaransa, mzee akapiga na ya Kiwolofu, lugha ya kwao. Ceddo ya 1977 ikapigwa marufuku kwao Senegal. Mi namheshimu kwa kuzunguka vijijini na filamu zake, alikuwa anaonyesha halafu anakaa na watu wanabishana.

mpenda_sinema: Asanteni sana, nifuate ipi?

dada_zuu: Moolaadé, 2004, inahusu ukeketaji, kaitoa akiwa kavuka 80. Pale wanaume wanapochoma redio za wanawake nje ya msikiti usipitishe haraka, tulia nayo.