Tupeane uzoefu: filamu iliyogeuka aina mara VJ aliposhika maiki

Nimekulia kambini, baba alikuwa askari, nyumbani Kiswahili tu. Kwenye kibanda cha video mambo yote yalikuwa Kiluganda cha VJ, yule anayetafsiri na kusimulia filamu kwa maiki huku ikiendelea. Mwenye kibanda hakuhangaika na majina ya filamu. Kwenye ubao aliandika kwa chaki: NGUMI, VITA, MHINDI, na sisi tukajua tunalipia nini.

Kuna filamu moja ya kutisha tuliicheka mpaka benchi likaanguka, kwa sababu VJ alimgeuza yule mzimu mama mwenye nyumba anayedai kodi. Juzi nimeiona tena peke yangu, bila VJ. Taa sikuzima hadi asubuhi. Nani mwingine yamemkuta?

*Mdau wa Busia:* Sisi wa mpakani tulikuwa na sauti mbili: huku VJ kwa Kiluganda, ng'ambo ya pili Kenya wanatafsiri kwa Kiswahili. Picha ile ile ya kung fu, huku stelingi analipiza kisasi cha mwalimu wake, kule anagombea shamba la baba yake. Mateke hayakubadilika hata moja.

*Dada wa Arua:* Kwetu ni picha za Kihindi. Marehemu bibi hakujua Kihindi wala Kiluganda, lakini alikuwa anatutangulia. "Huyo mwizi na huyo polisi ni ndugu, walipotezana wakiwa wadogo. Subirini." Na kweli! Halafu TV ikizimwa hakuna anayeinuka. Mambo ya mahari, mama mkwe, mtoto aliyekataa mchumba, kwetu yalizungumzwa saa hiyo, maana mtu angeweza kumsema yule baba wa kwenye picha bila kumtaja baba yake.

*Kijana wa Kampala:* Who Killed Captain Alex? ya mwongozaji Nabwana, 2010, imetengenezwa Wakaliga hapa hapa. Sauti ya VJ Emmie imo ndani ya filamu yenyewe. Watu wa nje wanaiita vichekesho na mimi inaniuma. Kamanda anauawa usiku, muuaji hajulikani, ndugu yake anakuja na kung fu kutafuta kisasi. Hiyo ni vita, ni ngumi, ni msiba. VJ anachekesha, ndiyo, lakini hata matangani kwetu yuko anayechekesha.

*Mwanzisha uzi:* Hapo kwenye matanga umenigusa. Dada wa Arua, bibi alijuaje kwamba ni ndugu? Ni wimbo, au kuna alama mkononi?

*Dada wa Arua:* Wimbo. Mama yao aliwaimbia mwanzoni kabisa, na bibi alikuwa anaushika.