Chemba ya uani inafurika kila tunapofua: naomba ushauri

Mleta mada: Wanajukwaa, salaam. Naishi Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba ambayo maji ya jikoni na ya kufulia hupita kwenye bomba la PVC la inchi 4, yakapitia chemba mbili uani kabla ya kuingia kwenye shimo la maji taka. Tangu masika yaanze, chemba iliyo karibu na jiko hufurika kila tunapofua, na harufu yake inafika hadi chumba cha watoto. Jirani amenishauri nimwage kostiki soda, lakini nina wasiwasi kwa kuwa watoto hucheza hapo hapo. Nianzie wapi?

Mchangiaji wa kwanza: Pole sana, ndugu. Kabla ya kumwaga chochote, fungua mfuniko wa chemba ya pili. Ikiwa ni kavu ilhali ya kwanza imejaa, uchafu umekwama katika bomba linaloziunganisha. Ikiwa zote mbili zimejaa, basi tatizo liko mbele zaidi, na huenda shimo lenyewe limejaa na linahitaji gari la kunyonya. Wengi huruka hatua hii, wakamlipa fundi kuchokonoa mahali pasipo na tatizo.

Mchangiaji wa pili: Kuhusu kostiki, naomba sana usiimwage. Huyeyusha mafuta, ni kweli, lakini haiondoi mchanga wala mizizi, na katika chemba iliyojaa hubaki ndani ya maji ikimngoja yule atakayeingiza mkono. Vilevile, mtu asije akachanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini. Wala asiingie mtu ndani ya shimo, hata kwa dakika moja: hewa ya humo huua.

Mleta mada: Ahsanteni. Nimefungua, na ya pili ni kavu kabisa. Niongeze kwamba bomba la maji ya mvua kutoka kwenye paa limeelekezwa katika chemba ya kwanza.

Mchangiaji wa kwanza: Basi azima au nunua fito za kuzibulia zinazoungana kwa nati. Vaa buti na glavu nzito za mpira, kwa sababu mikojo ya panya kwenye maji kama hayo huambukiza homa ya mgunda. Ingiza fito kupitia chemba kavu ukielekea jikoni, huku ukizizungusha upande mmoja tu, ule wa mshale wa saa. Ukizizungusha kinyume zitafunguka na kubakia ndani ya bomba. Weka wavu kwenye tundu la kutokea ili uchafu usiendelee hadi shimoni, na simama pembeni, kwani maji yakifunguka huja kwa nguvu. Kisha suuza bomba kwa mpira wa maji mpaka yatoke meupe.

Mchangiaji wa tatu: Hilo bomba la paa ndilo ningelihamisha kwanza baada ya kuzibua, kwa sababu maji ya mvua hubeba mchanga na majani, nayo hunata kwenye mafuta ya jikoni, tena hujaza shimo bila sababu. Yaelekeze kwenye mtaro wa mvua au pipa la kuhifadhia. Fundi akija, mwambie apime pia mteremko: kwa bomba la inchi 4, sentimita 2.5 kwa kila mita zinatosha.