Gereji imenifungulia injini ya trekta kwa 2,850,000, kumbe ni ea klina (chujio la hewa) na nozeli moja ya dizeli!

Wakuu, nimekaa na hili jambo wiki nzima, leo naliweka hapa.

Trekta ni Massey Ferguson 135, injini ya Perkins silinda 3, ametuachia marehemu mzee. Tuko Kongwa, tunalima alizeti na mtama, na majirani tunawalimia kwa heka. Mwezi wa 11, tunakatua shamba kavu kavu kabla ya mvua, likaanza kutema moshi mweusi ti. Likiunguruma bila mzigo unaona moshi kidogo tu. Zamisha plau, ongeza resi, linatoka wingu hadi humuoni mtu aliye nyuma, na nguvu hakuna.

Nikalipakia kwenye lori hadi gereji moja Dodoma mjini, watu wanaisifia. Fundi akaliwasha, akakanyaga resi mara mbili, akalizima. "Ringi (pete za pistoni) zimekwisha, hapa ni kufungua injini." Dakika tano hazikufika! Nikamwambia, fundi, hili trekta halili oili, kijiti napima kila asubuhi na hakishuki. Akanijibu trekta la zamani halina ugonjwa mwingine.

Sasa mniambie mafundi mliomo humu. Ringi zikiisha si moshi unakuwa wa bluu, oili inapungua, na ukifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma unaona moshi unapumua pale? Kwa nini hakukifungua? Kukifungua ni bure. Mweusi ni dizeli isiyoungua vizuri: ama hewa haitoshi, ama dizeli inaingia nyingi au inaingia vibaya, ama mzigo umezidi. Mweupe nao una yake. Asubuhi ya baridi ukitoka kidogo ukakata, hakuna neno. Usipokata, kuna dizeli inayopita bila kuwaka, au maji yanaingia kwenye silinda, na hapo utaona rejeta inapungua maji. Haya mimi mkulima nayajua. Yeye anayelipwa kwa kazi hiyo hakuangalia hata rangi.

Nimeuza ng'ombe 2 na mbuzi 6. Pistoni, ringi, slivu (bomba ambamo pistoni inapanda na kushuka), gasketi na ufundi: 2,850,000. Siku 17. Na Dodoma jamani hatuna vuli na masika, tuna msimu mmoja. Mvua ilishika Desemba trekta langu likiwa limetandazwa vipande kwenye turubai la watu. Majirani niliowaahidi kuwalimia wakatafuta wengine, na siwalaumu.

Limerudi. Heka ya kwanza haijaisha, moshi ule ule. Mweusi ule ule!

Nikamwita mzee mmoja hapa kijijini, dereva wa matrekta tangu ujana wake. Hakugusa spana kwanza. Aliuliza, "Ea klina mmeisafisha lini?" Hii 135 ina ea klina ya bakuli la oili chini, hewa inapita pale vumbi linabaki kwenye oili. Tukafungua bakuli. Wakuu, hapakuwa na oili. Palikuwa na tope zito kama ugali wa mtama uliolala, ukichomeka kidole shimo linabaki. Neti ya juu imeziba, ukiielekeza kwenye jua huoni mwanga. Tukaosha yote kwa dizeli, tukaacha ikauke, tukaweka oili mpya mpaka kwenye alama na si zaidi, maana ikizidi injini inaivuta na hapo ndipo moshi wa bluu unazaliwa bure. Kuwasha, kuzamisha plau: moshi umepungua zaidi ya nusu.

Uliobaki akaufuata kwenye nozeli, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda. Injini ikiunguruma alilegeza nati za mipaipu inayopeleka dizeli kwenye nozeli, moja moja. Ya kwanza, mlio ukabadilika. Ya tatu, ukabadilika. Ya pili, mlio ule ule, kama hakuna aliyeigusa, maana yake silinda hiyo haikuwa inafanya kazi sawasawa. Tukaitoa, tukaifunga kwenye mpaipu wake ikiwa nje, tukapiga stata: haikutoa ukungu, ilichuruzika kama bomba bovu. (Msiweke mkono mbele ya nozeli, ile presha inapenya ngozi.) Nozeli mpya nimenunua 60,000.

Kinachoniuma zaidi ya hela ni kwamba walifunga ringi mpya wakaacha ea klina ile ile, tena wao ndio walioitoa na kuirudisha kwa mikono yao. Vumbi la Kongwa mnalijua. Sijui slivu zangu mpya zimekwaruzwa kiasi gani kwa heka ile moja. Halafu waya wa sili kwenye pampu ya dizeli, ule unaozuia mtu asichezee kipimo cha dizeli, umekatwa! Mimi sikukata, mzee hakukata. Mtu ameongeza dizeli kwenye pampu ili trekta lionekane lina nguvu siku ya kulichukua.

Nimempigia fundi nikadai pistoni na ringi zangu za zamani nizione zilivyoisha. Ameniambia zimeshauzwa chuma chakavu. Spea zangu, kauza nani, kwa ruhusa ya nani?

Jumatatu nashuka mjini na bakuli lile, tope nimelihifadhi kwenye kopo. Risiti ninayo, ila imeandikwa "matengenezo ya injini" tu. Aliyewahi kudai gereji akarudishiwa hela aniambie alianzia wapi. Na kama kuna fundi pampu Dodoma mwenye mashine ya kupimia, anayekubali mteja asimame pembeni aone, nielekezeni. Zimebaki heka 9 za alizeti na ardhi bado ina unyevu.