Mashua imekauka bandani Moshi, tunataka kwenda nayo Mafia. Tuanzie wapi?

Kijana wa Pasua (Moshi)

Wakuu, salaam. Nyuma ya nyumba ya mjomba kuna mashua ya futi 20, mbao za mvule. Alikuwa anavulia Nyumba ya Mungu enzi zake, alipoacha uvuvi ikawekwa bandani juu ya magogo, na joto la Moshi mnalijua. Mimi na shemeji tunataka kuishusha Tanga, kisha twende na upepo wa kaskazi mpaka Mafia, tukilala Pangani, Bagamoyo na Dar.

Hali yenyewe: mbao zimeachana. Upande wa kulia, jirani na mkuku (ule mti mrefu wa chini ya chombo), ukichomeka sarafu ya mia mbili kwenye ufa inaingia. Kalafati ya zamani (pamba ya kuziba maungio) inamomonyoka ukiigusa. Vichwa vya misumari kadhaa vimezungukwa na duara jeusi. Fundi mmoja wa mjini anataka tuzibe nyufa zote kwa gundi na unga wa mbao, kisha tuivalishe faiba nje. Jirani anasema niijaze maji kwa mpira hapa hapa uani ivimbe. Nimsikilize nani? Mashine ni Yamaha HP 15, nayo haijawashwa muda wote huo.

Mzee wa Sahare (Tanga)

Mwanangu, usimsikilize hata mmoja.

Faiba juu ya ubao mkavu ni kujichimbia kaburi. Mbao zikinywa maji zitavimba, faiba itaachia, maji yatakaa katikati na ubao utaoza huku nje panang'aa. Gundi nayo ina shida hiyo hiyo: ukiuziba ufa sasa hivi ubao ukiwa mkavu, siku ubao ukivimba hauna pa kwenda. Utasukuma mataruma (mbavu za chombo) na kung'oa misumari. Nimeona chombo kizuri kikiharibika hivyo, na inauma.

Kuhusu mpira wa maji: mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima. Chombo kikiwa baharini maji ya nje yanakiegemeza. Juu ya magogo hakuna kinachokiegemeza, uzito wote utazisukuma mbao nje.

Tafuta magunia ya kahawa, kwenu hayakosekani. Yalaze juu ya maungio, ndani na nje, uyamwagie maji asubuhi na jioni. Usiwe na haraka. Nyufa zitaanza kukaribiana zenyewe, na huo wa unene wa sarafu mara nyingi hufunga. Siku ya safari yaache magunia mabichi juu ya Fuso, maana kutoka Moshi hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 300 na upepo wa Same na Hedaru utaikausha tena. Uzito ukae kwenye mkuku, ubavuni iegemezwe tu.

Ikifika huku tunailaza ufukweni, maji yajae na kupwa, yaingie na kutoka. Ufa utakaobaki baada ya hapo ndio wa kutiwa pamba iliyolowa mafuta. Halafu tunachoma chini kwa moto wa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, tunapaka deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta na chokaa.

Hayo maduara meusi yananitia wasiwasi kuliko nyufa. Ni kutu ya msumari inakula ubao. Chomoa mitatu minne utazame. Ukikuta shingo imebaki nyembamba kama sindano, ubao huo wote upigwe misumari mipya iliyopakwa zinki, na isiingie kwenye matundu ya zamani.

Fundi Mashine (Arusha)

Mangi, hiyo mashine usiivute kamba kwanza. Mwaga petroli yote ya zamani, fungua kabureta uoshe. Badilisha impela ya pampu ya maji hata kama inaonekana nzima, raba iliyokaa muda mrefu hukakamaa. Fungua oili ya gia: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yamepita kwenye sili (raba za kuzuia maji). Ikishawaka, tazama maji yanayoruka pembeni. Yasipotoka, zima papo hapo.

Kijana wa Pasua

Shikamoo mzee, na asante fundi. Niiloweke Nyumba ya Mungu badala ya magunia? Ni karibu.

Mzee wa Sahare

Marahaba. Huko peleka mashine tu ukaijaribu kwenye boti ya mtu. Mashua itakauka tena njiani, utakuwa umeibeba mara mbili bure.

Ila tazama kalenda. Kaskazi inashika Desemba hadi Machi. Ukichelewa, kusi itakupiga usoni njia nzima, tena kwenye masika. Kwa hiyo magunia yaanze Oktoba. Ikishakuwa majini, waone TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, kwa ukaguzi, na jaketi okozi ziwe idadi ya watu mnaopanda. Asubuhi ya kutweka, sikiliza utabiri wa bahari wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa.

Kijana wa Pasua

Nimeelewa. Fundi wa faiba namwambia leo asije. Na sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka mbao, naipata wapi? Moshi nimeuliza, hakuna anayeijua.

Mzee wa Sahare

Usihangaike huko. Ukifika Tanga tutashuka Deep Sea, soko la samaki, tuwaulize wavuvi. Njoo na chombo chenye magunia mabichi.