Naomba ushauri: nibaki kwenye ugavi au nihamie kikosi cha mapigano?

Wakuu, habari zenu. Mimi ni luteni, mwaka wa nne sasa niko upande wa ugavi na usafirishaji jeshini. Kazi yangu ni mafuta, matairi, maji, risasi, na kusaini makaratasi mpaka kidole kinaota sugu. Wenzangu wa miguu wananiita "mwenye stoo". Inauma kidogo, sikatai.

Kinachonifanya nisite ni William Pagonis, jenerali wa ugavi wa jeshi la Marekani. Agosti 1990 alitua Saudi Arabia na watu wachache tu, akaanza kuhangaikia malori, mahema na maji ya jeshi zima lililokuwa njiani. Vita vya Ghuba vikiendelea akapandishwa kuwa luteni jenerali. Taarifa alizipokea kwenye vikadi vya inchi 3 kwa 5, mtu asipate nafasi ya kupiga porojo (ningependa mkubwa wangu aige hilo). Alipostaafu mwaka 1993 akachukuliwa na Sears, kampuni ya maduka ya Marekani, kusimamia ugavi wao.

Lakini huyo ni mmoja. Mliopanda vyeo kupitia ugavi, mlipitia wapi? Kozi ya ukamanda niiombe nikiwa hukuhuku, au kwanza nikaonje mstari wa mbele? Fomu ya uhamisho iko mezani, nimejaza jina tu.