Skrini mbili za inchi 24, moja ya 27, au ile pana ya 34? Ulinganisho kwa tunaoishi pwani

Binti_Mkomani (Lamu)
Assalaam aleikum. Naandika programu nikiwa nyumbani, na kazi yote naifanya kwenye laptopu ya inchi 14. Shingo imechoka kuinama. Nimetenga shilingi 60,000 za skrini na meza kwa pamoja, kiti ninacho. Ninazozipima ni skrini mbili za inchi 24 za pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080, moja ya inchi 27 ya 2560 kwa 1440, au ile pana ya inchi 34, 3440 kwa 1440, ambayo itameza karibu pesa zote. Chumba ni cha nyumba ya mawe ya zamani: kirefu, chembamba, dirisha moja. Stima zikikatika nategemea inveta na betri ya asidi, volti 12, 100Ah (ampea-saa). Na meza je, nichongewe na fundi au ninunue ile ya mota inayopanda na kushuka?

Karani_wa_Barani (Malindi)
Waaleikum salaam dada. Mimi kazi yangu ni kusimamia seva, na natumia mbili za 24. Upande mmoja kumbukumbu za seva zinapita, upande wa pili naandika. Raha yake kubwa ni kuwa moja ikiharibika, kazi haisimami. Lakini kwa shingo iliyokwisha kuchoka, angalia unavyozipanga. Ukiziweka sawa kwa sawa, ule mpaka wa katikati ndio unaokutazama usoni, na kutwa unageuza kichwa huku na huku. Moja iwe mbele yako kabisa, ya pili uipinde pembeni ikuelekee.

Halafu herufi. Inchi 24 ya 1080 ina pikseli kama 92 kwa kila inchi, 27 ya 1440 ina kama 109. Kwa mtu anayesoma msimbo mchana kutwa tofauti hiyo macho yanaihisi. Ningekuwa naandika programu kama wewe, ningechukua 27.

Fundi_Inveta (Malindi)
Tuanze na betri kabla ya ukubwa wa skrini. 100Ah kwa volti 12 ni wati-saa 1,200. Ya asidi usiishushe chini ya nusu, utaiua mapema, kwa hiyo una 600. Inveta nayo inakula chake, hesabu 510 zinazokufikia.

Laptopu ikifanya kazi weka wati 40, ruta 10. Skrini ya 27 weka 30: jumla 80, unapata saa 6 na kidogo. Mbili za 24 kwa wati 20 kila moja, jumla 90, saa 5 na nusu hivi. Ile ya 34 kwa wati 50, saa 5. Hizi ni makadirio, soma wati zilizoandikwa kwenye skrini yenyewe. Ila ona jambo hili: feni ya dari peke yake inaweza kula wati 60 au 70. Ukiiunga kwenye inveta hiyohiyo, hata na skrini ya 27 unashuka hadi saa 3 na nusu. Kwa hiyo skrini si adui mkubwa wa betri yako, na ukipunguza mwangaza wake jioni unaokoa zaidi.

Stima zikikatika, chomoa chaji ya laptopu kwanza, imalize betri yake yenyewe. Na weka kinga ya umeme kwenye soketi, maana stima zinaporudi kwa kishindo ndipo vifaa vinapoungua.

Mwana_wa_Langoni (Lamu)
Bibie, mimi nimekaa kwenye nyumba kama hiyo maisha yangu yote, wacha nikueleze ya chumba.

Upana wa vyumba vyetu ulipimwa na boriti za mkoko, ndiyo maana havizidi mita 3 hivi. Meza usiiweke kwenye ukuta mfupi, itaziba njia. Iegemeze ukuta mrefu, dirisha likae ubavuni mwako. Likiwa mgongoni mwanga unarudi kwenye skrini, likiwa usoni macho yanaumia. Meza ya sm 140 kwa 70 inatosha, lakini kina kisipungue 70, maana skrini inataka kukaa umbali wa mkono ulionyooshwa. Skrini ya 27 ina upana wa sm 60. Ya 34 ni sm 80. Mbili za 24 zinapita mita moja, na hapo hujaweka kikombe cha chai wala daftari.

Ukuta usiutoboe. Ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukizungusha keekee unatoka unga, skrubu haina pa kushika, na ukivunja lipu ya zamani huirudishi ilivyokuwa. Nunua mkono wa kushikilia skrini, ule wa kubana kwenye ukingo wa meza. Hakikisha nyuma ya skrini kuna matundu manne yaliyoachana mm 75 au 100, maana nyingine hazina.

Mkono huo unataka ubao mgumu. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, inabonyea pale unapobana, na unyevu wa hapa unaivimbisha kingo. Nenda kwa fundi wa milango, muulize vipande vya mvule au mbambakofi vilivyobaki. Mwembe ni rahisi zaidi, lakini usipokauka vizuri na kutiwa dawa, dumuzi wanaingia. Mwambie aache mwanya wa vidole viwili nyuma, kati ya meza na ukuta, nyaya zipite.

La mwisho ni chumvi. Kila jioni futa skrini kwa kitambaa laini kikavu, kisha ifunike ikishapoa. Matundu ya HDMI na USB-C usiyoyatumia yazibe kwa vifuniko vidogo vya mpira, kutu huanzia humo.

Dada_wa_Casuarina (Malindi)
Natofautiana na wanaoiogopa meza ya mota. Nina maumivu ya mgongo, na meza hiyo imenirudisha kazini. Mota inakula stima inapopanda na kushuka, ikitulia haitumii cha maana. Fremu ya chuma naifuta na kuipaka mafuta kidogo kwenye maungio. Lakini kwa shilingi 60,000 huwezi kuipata nzuri pamoja na skrini nzuri, na Lamu sijui ni fundi gani angekutengenezea kisanduku chake cha umeme kikiharibika.

Skrini ninayo ya 34. Kwa majedwali marefu sina malalamiko. Kwenye mikutano ndipo inaponiudhi: nikiwaonyesha wenzangu skrini nzima, wao wenye laptopu wanaona herufi kama siafu, inabidi nionyeshe dirisha moja moja. Kama mna mikutano mingi lizingatie hilo.

Karani_wa_Barani (Malindi)
Nyongeza kwa Binti: tafuta 27 yenye USB-C inayotoa wati 65. Waya mmoja unaleta picha na kuchaji laptopu. Bei inapanda, lakini meza inabaki safi.

Mwana_wa_Langoni (Lamu)
Na popote utakaponunua, iwashwe dukani mbele yako au mbele ya mtu wako, akague pikseli zilizokufa, yaani nukta zisizowaka. Mwenzangu alifungua boksi akiwa tayari kisiwani, duka likakataa kumbadilishia. Ikifika Mokowe, gati la upande wa bara, izungushiwe nailoni kabla ya kupanda boti, na ukifika gatini mpe hamali wa mkokoteni badala ya kuifunga juu ya punda.

Binti_Mkomani (Lamu)
Mmenifaa sana, Mungu awalipe. Nakwenda na 27 ya 1440, mkono wa kubana, na meza ya mvule. Feni naitoa kwenye inveta, nitafungua dirisha. Bado sijajua nimwambie fundi kimo gani.

Dada_wa_Casuarina (Malindi)
Kaa kwenye kiti chako mwenyewe, nyayo zote chini, viwiko vimekunjwa pembe mraba. Mtu apime kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Hicho ndicho kimo cha uso wa meza. Meza nyingi za dukani ni sm 75, na kwa mwanamke wa kimo cha kawaida huwa ndefu, mabega yanapanda. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo. Kisha hiyo laptopu iweke pembeni, ununue kibodi ya kando.